Mashine Kuukuu ya Boti: Jinsi ya Kujua Inakula Kiasi Gani na Kuipunguzia Ulaji

Nahodha akilalamikia mafuta, lawama huishia kwa mashine: imezeeka, inakunywa. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mashine nyingi zinazolaumiwa hivyo bado zina nguvu zake. Petroli inapotelea kwenye propela isiyolingana na chombo, kwenye mkia wa mashine uliozama mno, kwenye maji ya ngama (chini kabisa ndani ya chombo) yasiyokumbwa, na kwenye mkono unaofungua resi yote tangu gatini mpaka mwambani. Haya yote yanarekebishika kwa pesa ndogo, mengine bure kabisa, kabla hujafikiria kununua mashine mpya.

Nazungumzia mashine za kufunga nyuma ya chombo, za petroli, zenye mipigo miwili na kabureta: Yamaha Enduro za farasi 15, 25 na 40 ambazo zimejaa kuanzia Lamu hadi Mtwara, pamoja na Suzuki, Tohatsu, Mariner, Johnson na Evinrude ambazo bado zinafanya kazi mikononi mwa watu wanaozijua. Mengi yanawafaa pia wa Ziwa Victoria, Tanganyika na Kivu, ila wao wana jambo lao la ziada ambalo nitalifikia.

Kwa nini mashine hizi hula

Kwenye injini ya mipigo miwili ya kabureta, mchanganyiko mpya wa hewa na petroli unaingia silinda wakati tundu la moshi bado liko wazi. Mchanganyiko huo ndio unaosukuma moshi wa zamani utoke, na sehemu yake hutoka pamoja na moshi kabla haijaungua. Petroli inayopotea hivi inaweza kufika robo, hata kukaribia theluthi ya yote iliyoingia. Ile rangi ya upinde wa mvua unayoiona juu ya maji nyuma ya boti ni mafuta uliyoyalipia. Ndiyo maana Marekani na Ulaya zilitunga sheria za moshi zilizoziondoa mashine hizi kwenye maduka yao, nasi tukabaki nazo kwa sababu ni nyepesi, ni rahisi kutengeneza ufukweni, na spea zake zipo.

Hasara hiyo imo katika umbo la injini. Hakuna fundi wa kuiondoa, na anayekuahidi kuiondoa kwa dawa ya chupa anakudanganya. Tunachoweza kupunguza ni hasara zinazoongezwa juu yake.

Ili ujue mashine yako iko wapi, tumia hesabu hii ya haraka: gawanya nguvu farasi kwa mbili na nusu, utapata takriban lita kwa saa ikiwa resi yote iko wazi. Farasi 15 ni kama lita 6, farasi 25 ni lita 10, farasi 40 ni lita 16. Mashine ikizidi hapo kidogo, ni uzee wa kawaida. Farasi 15 ikila lita 8 au 9 kwa saa, kuna ugonjwa, na inafaa uutafute.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kugusa spana

Watu wengi wanajua mafuta yao kwa madumu: "Kwenda na kurudi dumu moja." Hicho si kipimo. Mkondo ukibadilika, mzigo ukiongezeka, dumu likijazwa pungufu na muuzaji, hutajua kilichobadilika ni nini. Unachohitaji kujua ni lita kwa maili ya bahari, kwa mwendo fulani. Lita kwa saa peke yake hupotosha, maana mashine inaweza kula kidogo kwa saa na bado ikakumalizia mafuta njiani kwa kuwa chombo hakisogei.

Tafuta chombo cha kupimia unachokiamini. Chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu inatosha, ilmradi ujaze mpaka alama ileile kila mara. Weka tanki mahali palipo sawa nchi kavu, lijaze mpaka alama uliyoichora kwa wino usiofutika, kisha toka nalo baharini.

Chagua asubuhi tulivu. Pakia chombo kama kinavyopakiwa siku ya kazi, watu na nyavu na barafu, kwa sababu kupima boti tupu ni kujidanganya. Washa programu ya simu inayoonyesha mwendo kwa satelaiti, uiweke kwenye noti, yaani maili za bahari kwa saa. Haihitaji mtandao. Shika mwendo mmoja bila kubadilisha mkono, nenda moja kwa moja dakika 20, geuka, urudi kwenye mstari uleule mpaka ulipoanzia. Ukienda tu bila kurudi, mkondo utakupa jibu la uongo. Andika umbali wote na muda wote.

Ukirudi, weka tanki palepale na ujaze mpaka alama kwa chupa yako, ukihesabu. Lita ulizojaza, gawanya kwa maili ulizokwenda. Rudia siku nyingine kwa mwendo mdogo zaidi, na nyingine kwa resi yote. Sasa una namba tatu, na mwenye namba tatu anaweza kubishana na fundi, na mwenye chombo, hata na mwenye sheli.

Kama unaweza kupata kipima mizunguko kinachofungwa kwenye waya wa plagi, kipate. Ni kidogo, bei yake si ya kutisha, na bila hicho suala la propela litabaki kubahatisha.

Kujaza mafuta kufanyike nchi kavu, bila sigara, bila jiko la mkaa karibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala kwenye ngama.

Hatua ya pili: mkono wako

Hapa ndipo petroli nyingi inapookolewa, na ndipo watu hawataki kuambiwa.

Chombo kizito kinachopasua maji, kama dau, mtumbwi mkubwa au boti ya mbao ya uvuvi, kina mwendo wake ambao kikivuka kinaanza kupanda wimbi lake chenyewe. Chukua urefu wa chombo kwenye mstari wa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.4. Chombo cha mita 7 kinapata noti 6 na kitu, cha mita 9 kinapata noti 7 na kitu. Ukifika hapo tezi, yaani nyuma, inaanza kuzama, gubeti ya mbele inainuka, na nyuma kunatokea wimbi refu. Kila nusu noti unayoongeza baada ya hapo unailipia ghali mno.

Sababu ni hii: nguvu ambayo propela inadai hupanda kwa kasi kuliko mizunguko yake. Ukipunguza mizunguko kwa asilimia 10 tu, nguvu inayodaiwa hushuka kwa zaidi ya robo. Mafuta hufuata nguvu.

Tuseme chombo cha mita 7 chenye farasi 15. Kwa resi yote kinakwenda noti 7.5 na kula lita 6 kwa saa, yaani lita 0.8 kwa maili. Nahodha akirudisha mkono mpaka noti 6, ulaji ukashuka hadi lita 3.2 kwa saa, maili moja inamgharimu kama lita 0.53. Safari ya maili 12 kwenda na 12 kurudi: mwanzo lita 19 na kidogo, sasa chini ya 13. Amechelewa dakika 48 kwa safari nzima. Yeye ndiye aamue kama dakika hizo zina thamani kuliko lita 6. Mwenye samaki wanaooza juani anaweza kusema ndiyo. Anayekwenda kutega alfajiri, sioni kwa nini.

Boti nyepesi za faiba zinazotambaa juu ya maji zina kanuni nyingine. Mwendo mbaya kuliko yote kwao ni ule wa katikati, gubeti imeelekea mbinguni na nyuma kumechimbika. Hapo boti haipasui maji wala haitambai. Ama ushuke chini, mwendo wa taratibu, ama uifungue mpaka ikae juu, kisha urudishe mkono polepole mpaka karibu inataka kuanguka, uongeze kidogo. Kama boti yako haiwezi kukaa juu ikiwa na mzigo wake wa kawaida, acha kuilazimisha. Irudishe kwenye mwendo wa chombo kizito na uichukulie hivyo.

Na kunguruma bila gia: mashine ya mipigo miwili ikiachwa inaunguruma gatini nusu saa wakati abiria wanapanda, inachafua plagi na kumwaga petroli mbichi. Zima.

Hatua ya tatu: propela

Propela, au pangaboi, ndiyo gia ya boti. Kwenye kitovu au kwenye panga lake kuna namba, mfano 9¼ × 9. Ya kwanza ni upana wa duara kwa inchi, ya pili ni pichi, yaani inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu.

Mashine nyingi huja na propela iliyochaguliwa kwa boti nyepesi ya mwendo. Sisi tunaifunga kwenye dau. Tazama inakuwaje. Yamaha ya farasi 15 ina gia ya 2.08, maana yake mashine ikizunguka mara 5,000 kwa dakika propela inazunguka kama mara 2,400. Kwa pichi ya inchi 9, nadharia inasema boti iende noti 17 na ushee. Dau linakwenda noti 7. Propela inateleza ndani ya maji bila kushika, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kutengeneza povu. Mara nyingi mashine hiyo haifiki hata mizunguko 5,000, kwa sababu imebebeshwa pichi kubwa kuliko uwezo wake, kama mwendesha baiskeli anayepanda mlima kwa gia nzito. Mashine iliyobanwa hivi inakula sana, inajaza masizi, inapata joto, na mwisho inanoki.

Namna ya kujua: pakia chombo kama kawaida, fungua resi yote kwenye maji tulivu, usome kipima mizunguko. Kijitabu cha mashine kinataja mizunguko inayotakiwa kwa resi yote, na kwa nyingi za farasi 15 hadi 40 ni kati ya 4,500 na 5,500. Ukipata 3,900, pichi ni kubwa mno. Kushusha pichi inchi moja hupandisha mizunguko kama 150 hadi 200, hivyo unaweza kukadiria ni inchi ngapi za kushuka. Ukizidi 5,500, pichi ni ndogo, na kuendesha hivyo kila siku kunaua mashine. Kwa chombo kizito, tafuta propela yenye pichi fupi na mapanga mapana. Zipo, ila muuzaji hatakuletea mpaka umwagize kwa namba.

Kisha itazame kwa macho. Ivue, iweke juu ya meza, zungusha panga moja baada ya jingine mbele ya ncha ya penseli. Ncha iliyojikunja kwa kugonga mwamba, kipande kilichomeguka, kingo zilizoliwa na mchanga: vyote vinakata mshiko wa maji. Dosari ndogo za kingo unaweza kuzilainisha kwa tupa, ukiondoa kidogo kwa usawa. Panga lililopinda lipeleke kwa fundi mwenye kifaa cha kulinganisha, usilinyooshe kwa nyundo juu ya jiwe.

Kuna ugonjwa mmoja unaodanganya wengi. Ndani ya kitovu kuna mpira unaoshika propela na shafti. Ukizeeka, mashine inalia, mizunguko inapanda, boti haisogei, hasa ukifungua resi ghafla. Mwenye chombo anaambiwa gia imekufa. Kabla ya kufungua gia, chora mstari mmoja wa rangi unaopita ndani na nje ya kitovu. Endesha, ukirudi utazame. Mstari ukiwa umeachana, mpira ndio uliokwisha.

Hatua ya nne: mashine ilivyokaa nyuma

Mkia wa mashine huja kwa urefu tofauti: mfupi ni wa ubao wa inchi 15, mrefu ni wa inchi 20, na upo wa inchi 25. Watu hununua mtumba wowote uliopatikana, kisha wanaulazimisha kwenye ubao wowote.

Tazama lile bamba pana lililo juu tu ya propela. Chombo kikiwa nchi kavu, weka ubao ulionyooka chini ya tumbo la chombo uelekee nyuma. Bamba linatakiwa liwe sawa na ubao huo, au chini yake kwa inchi moja tu. Likizama inchi tano, unaburuta chuma kisicho na kazi kila maili. Likiwa juu, propela inavuta hewa na kupiga povu, hasa ukikata kona. Kubandika au kupunguza kipande cha mbao ngumu kwenye ubao wa nyuma ni kazi ya nusu siku ya fundi seremala. Baada ya hapo kaza skrubu za kushikia, ongeza bolti, na ufunge kamba ya usalama, kwa sababu mashine kuukuu zimelala chini ya bahari kwa sababu ya skrubu iliyolegea.

Pembe nayo. Kuna pini chini inayopita kwenye matundu. Mashine ikikaa karibu sana na ubao, gubeti inachimba maji. Ikikaa mbali, gubeti inaruka. Jaribu tundu moja moja ukiwa na mzigo wa kawaida, na uchague lile linalokupa mwendo mkubwa bila kugusa mkono wa resi. Watu huiacha kwenye tundu la kwanza tangu siku ya kununua.

Hatua ya tano: chombo chenyewe

Lita 100 za maji kwenye ngama ni kilo 100, abiria mmoja na nusu asiyelipa nauli. Kumba maji kabla ya kuondoka, si yakifika miguuni. Toa nyavu zilizokufa, nanga ya pili isiyotumika, mawe ya kusawazishia ambayo hakuna anayekumbuka yaliwekwa lini.

Tumbo la chombo ni jambo zito zaidi. Shirika la FAO limewahi kueleza kuwa chombo kidogo cha uvuvi kisichopakwa rangi ya kuzuia viumbe kinaweza kuongeza ulaji kwa asilimia 7 baada ya mwezi mmoja tu, na asilimia 44 baada ya nusu mwaka. Bahari yetu ya joto inaotesha mwani na magamba haraka. Kama chombo kinalala majini, kipandishe wakati wa bamvua, maji yakipwa ukipare na kukisugua mpaka mkuku, usiruke sehemu ya nyuma karibu na propela ambako maji yanatakiwa yafike laini. Wenye madau waliokuwa wakichoma na kupaka deheni na shahamu kwa zamu walijua walichokifanya. Mkia wa mashine nao una magamba, na hukumbukwa mwisho.

Hatua ya sita: ndani ya mashine

Nimeichelewesha makusudi. Watu huanzia hapa, wanafungua kabureta ambayo haikuwa na kosa, na wanaharibu.

Anza na njia ya mafuta. Mpira uliopasuka karibu na kiungo unavuta hewa, mashine inakosa, nahodha anaongeza choki, na choki ndiyo inayokula. Bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, na usubiri. Ikilegea bila mashine kuwaka, kuna mahali panavuja au vali yake imekufa. Hakikisha choki inafunguka mpaka mwisho, maana waya wake ukishika kutu hubaki nusu. Petroli yenyewe ichuje, iache itulie, usinyonye mpaka chini ya dumu ambako maji hukaa. Ukiinunua kwa chupa visiwani kutoka mikono mingi, kuwa na shaka na mafuta ya taa ndani yake.

Halafu plagi, ambayo ndiyo kinywa cha mashine. Chagua mahali patulivu, nanga ikiwa tayari. Endesha kwa mwendo wa kazi dakika 10, kisha zima ghafla bila kurudisha resi. Ukirudisha polepole na kuiacha ingurume, utasoma hali ya kunguruma, si ya kazi. Fungua plagi na utazame kauri nyeupe inayozunguka ncha ya katikati. Ikiwa kahawia hafifu, mchanganyiko uko vizuri. Nyeusi na yenye unyevu wa mafuta: petroli ni nyingi, au oili ni nyingi, au plagi haichomi. Nyeupe kabisa, na vijipele vidogo vinavyong'aa: simama hapohapo. Petroli ni kidogo mno, pistoni iko karibu kuungua, na hapo usifurahi kwamba mashine inakula kidogo. Linganisha plagi za silinda zote. Moja nyeusi na nyingine kahawia ina maana silinda moja inaburuzwa na mwenzake, na unalisha mbili ili ufanye kazi ya moja na nusu.

Nunua plagi kwa namba ya kijitabu. Kwenye plagi za NGK, namba inayoishia na -10 ina mwanya wa milimita 1.0. Inayofanana lakini isiyo ya joto lile itawasha mashine vizuri asubuhi na kukusumbua mchana.

Kabureta ifunguliwe ikiwa plagi zimeonyesha petroli nyingi na choki, plagi na oili haviko na lawama. Mambo mawili hutokea kwenye mashine kuukuu. Sindano ya boya huliwa, mafuta yanazidi kwenye bakuli, na unaona petroli ikidondoka mashine ikiwa imezimwa. Pili, na hili linaniudhi, kuna mafundi wanaotoboa jeti, kile kitundu kinachopima petroli, kwa sindano ili "ipate nguvu." Tundu likishapanuka halirudi. Jeti ina namba yake ubavuni. Kama tundu halifanani na namba, nunua mpya. Kusafisha ni kwa petroli na kupuliza, kamwe si kwa waya.

Themostati, kama mashine yako inayo, huachia maji injini ikifika kati ya digrii 50 na 60. Ikishika chumvi, wengi huitoa na kuitupa, mashine ikaendelea baridi. Petroli haivukizwi vizuri kwenye injini baridi, kwa hiyo inakula zaidi na kuotesha masizi. Irudishe. Wakati huohuo badilisha impela ya pampu ya maji, maana themostati nzima juu ya impela iliyochoka ni njia ya kuunguza mashine.

Mwisho oili, ambayo watu huibania ili waokoe pesa. Mashine nyingi za miaka ya karibuni zinataka 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, au 400 kwa dumu la lita 20. Za zamani zaidi zinataka 25 kwa 1, na British Seagull za kale zilitaka hata 10 kwa 1. Fuata ya mashine yako. Ukipunguza oili hupunguzi ulaji hata kidogo: unaongeza petroli kwenye kila tone linaloingia na kuzinyima ringi ulainisho. Ukiizidisha, plagi zinachafuka. Tumia oili yenye alama TC-W3, iliyotengenezwa kwa mashine za boti. Ya pikipiki na ya gari zina vitu vinavyoacha majivu kwenye plagi na pistoni.

Kwa wa maziwa makuu

Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya bahari, Victoria mita 1,134, Kivu mita 1,460. Hewa ya huko ni nyepesi. Mashine iliyosetiwa kwa pwani ikipelekwa Mwanza, Kisumu au Goma inapata hewa pungufu lakini jeti inaendelea kumimina petroli ileile. Matokeo ni moshi mweusi, plagi nyeusi, na nguvu iliyopungua, pale Victoria kama sehemu moja katika kumi. Mwenye mashine anadhani ameuziwa mbovu.

Dawa ina pande mbili. Jeti kuu ishushwe saizi moja, kisha plagi zisomwe tena, na ukiona weupe urudishe. Propela ishushwe inchi moja ya pichi, kwa kuwa mashine iliyopoteza nguvu haiwezi kuzungusha ileile ya pwani. Na mashine hiyo ikishushwa tena baharini siku moja, jeti ya zamani irudi kwanza, kabla haijawashwa kwa kazi. Ukisahau, itakuwa na petroli pungufu kwenye hewa nzito, na pistoni ndiyo italipa.

Mkondo na upepo

Sehemu kubwa ya pwani yetu mkondo mkuu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa upepo wa kusi unapata nguvu ya noti kadhaa. Chombo cha noti 6 kikipambana na noti 2 za mkondo kinasogea noti 4 tu, na kila maili inakula mara moja na nusu. Kusubiri maji yageuke kwenye mlango wa bahari, au kupita karibu na mwamba ambako mkondo ni dhaifu, kunaokoa kuliko plagi mpya. Na kama una mlingoti, tweka. Hata tanga dogo upepo ukiwa wa nyuma linakuruhusu kurudisha mkono wa resi.

Akiba usiipunguze kwa sababu umepata ulaji mzuri. Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ibaki ndani ya tanki.

Wakati wa kuachana nayo

Ukishafanya yote na lita kwa maili hazishuki, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Toa plagi zote, zima umeme wake, funga geji kwenye tundu moja, fungua resi yote, vuta kamba mpaka mshale usipande tena. Rudia kwa silinda nyingine. Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, ringi au silinda imechoka, na hapo unazungumzia kufungua injini.

Kabla ya kununua mashine ya mipigo minne, chukua daftari lako. Jumlisha lita za mwaka, kadiria kwamba theluthi ingebaki mfukoni, zidisha kwa bei ya petroli. EWURA, mdhibiti wa nishati wa Tanzania, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, mwenzake EPRA wa Kenya kila tarehe 14, lakini wewe tumia bei unayolipa kweli ufukweni kwako. Kisha toa gharama za mashine mpya: kubadilisha oili kila saa 100, uzito ulioongezeka kwa kilo kumi na kitu kwa saizi ya farasi 15, na fundi atakayetoka mbali. Anayekwenda safari ndefu kila siku kwa mwendo wa taratibu, hesabu mara nyingi humwambia anunue. Anayetoka mara mbili kwa wiki maili chache, akibadilisha propela na kupara chombo, Enduro yake ina miaka mingi ya kazi.

Usiiuze ile ya zamani hadi mpya imemaliza msimu mmoja wa kusi.